Papa Jérémie Ataipenda Albamu Hii

Jumatatu, 7 Julai

Albamu yetu ya pili inakaribia kwisha. Kazi kubwa! Hakuna bendi ya roki Kisangani inayotufikia. (Hakuna bendi nyingine ya roki Kisangani, lakini hilo si kosa langu.)

Shida ni Papa Jérémie, mhakiki wa redio. Kila Jumamosi jioni mji mzima humsikiliza. Albamu yetu ya kwanza aliikata kwenye wimbo wa pili, akasema inafanana na mabati yanayoshushwa kwenye lori, kisha akaweka tangazo la sabuni. Sabuni ilisifiwa kuliko sisi.

Sasa Glodi, mpiga ngoma wetu, ametoa sharti. Tukitukanwa tena, anarudi kwenye kwaya ya mama yake, Mama Marthe. Na ngoma ni zake! Bila Glodi, bendi yetu Ngolo Électrique ni mimi na gitaa langu, pamoja na binamu yangu Safi, mwenye besi na mdomo.

Nina mpango.

Jumatano, 9 Julai

Libanga! Wanamuziki wa rumba hulitupa kila siku. Unataja jina la mkubwa katikati ya wimbo, naye anajiona mfalme. Sisi tuliapa kutofanya hivyo. Safi alinikumbusha kiapo. Nikamjibu kuwa kiapo kilikuwa cha albamu ya kwanza.

Leo nimeingia studio kule Mangobo peke yangu, nikamtaja Papa Jérémie katika kila wimbo. Nyimbo ni za huzuni, mambo ya mapenzi na mvua, kwa hiyo jina nimeliimba kwa kilio. Nafasi zilikuwa chache. Moja ilikuwa baada ya “umetuacha”. Nyingine baada ya “nani atatufuta machozi”. Limeingia vizuri ajabu! Fundi wa studio alitikisa kichwa. Nadhani aliguswa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefika redioni na flashi ya albamu mfukoni. Papa Jérémie hayupo! Amepanda mashua kwenda Isangi kwa wakwe zake, na huko simu haishiki.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilimpelekea Émile, fundi wa mitambo, sahani ya lituma na samaki, nikamwomba apige albamu nzima kesho katika saa ya Papa. Émile alisema, mdomo umejaa ndizi, kwamba hakuna shida, ila yeye haongei kwenye mikro. Ataiweka tu na kunyamaza. Bora zaidi! Muziki ujisemee.

Jumamosi, 12 Julai

Imepigwa yote! Bila neno, bila sabuni. Ni saa ya Papa Jérémie, Papa Jérémie mwenyewe hasikiki, na mji mzima unasikia “umetuacha, Papa Jérémie”.

Nilitoka barabarani nijionee. Vijana wa toleka walikuwa wamesimamisha baiskeli zao na abiria juu. Mama muuza mikate alikuwa analia waziwazi. Albamu ya kwanza haikumliza mtu, isipokuwa Safi. Nilimkimbilia Glodi kumweleza. Akasema tungoje neno la Papa mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai

Nimepita na Safi nyumbani kwa Papa Jérémie kumwachia mkewe salamu. Umati! Turubai limefungwa, viti vya plastiki mpaka barabarani, wanawake chini kwenye mikeka wanalia. Na kwenye spika kubwa, albamu yangu, wameinakili kwa Émile! Hatujawahi kupata watu wengi hivi. Nilisimama mlangoni nikitabasamu mpaka Safi akanifinya. Aliniambia, weye mupumbafu, hii iko matanga, batu banasema Papa Jérémie alikufa.

Kumbe mkewe, Mama Lydie, aliucheka uvumi huo mwanzoni. Kisha akajaribu simu ya mumewe, haikupatikana. Akajaribu tena. Mwishowe akakaa mkekani na wengine. Hapo moyo uliniuma kweli, nikajiandaa kueleza. Lakini mzee mmoja alinishika mkono, akasema sauti yangu imemtoa machozi ambayo hata kifo cha kaka yake hakikuyatoa. Unamkatizaje mtu kama huyo?

Jumatatu, 14 Julai

Papa Jérémie amerudi, kapu la samaki begani. Alipoingia uani kwake, nusu ya waombolezaji waliruka ukuta. Mama Lydie alimkumbatia, akampiga kofi, akamkumbatia tena. Katika vurugu ile hakuna aliyekumbuka kuzima spika. Papa akakaa kwenye kiti cha plastiki, samaki mapajani, akaisikiliza albamu mpaka mwisho. Mpaka mwisho!

Kisha akauliza mwimbaji yuko wapi. Nilikuwa nimeshapanda toleka. Mhakiki anahitaji utulivu.

Jumamosi, 19 Julai

Uhakiki umetoka. Papa alisema hivi: “Bon. Hii album niliisikia siku niko maiti. Donc nasema kweli. Mutu muzima hawezi kuifikisha mwisho.” Halafu sabuni.

Nimeutafakari. Amekiri hadharani kwamba alifika mwisho. Huo ni ushindi! Safi ananiambia nikalale.

Glodi hakutafakari. Alikuja na baiskeli mbili, akabeba ngoma zote, hata kigoda cha kukalia. Alisema kwaya inamngoja. Nililia kidogo, sifichi. Chumba kile bila ngoma ni kibaya.

Jumapili, 20 Julai

Nimeona kosa langu! Nilimtaja mtu asiye sahihi. Mwenye Glodi ni Mama Marthe. Nikimtupia yeye libanga, moyo utalainika, atanirudishia mwanawe na ngoma zake.

Wimbo uko tayari, wa polepole, wenye uchungu. Safi amekataa kupiga besi, nimepiga mwenyewe. Émile ameshakula lituma yake. Jina limekaa vizuri kabisa baada ya “lala salama”.

Na bahati iliyoje! Mama Marthe amepanda treni ya Ubundu kumwona dada yake, na simu yake haishiki. Akirudi atakuta mji mzima unamtaja.