Inchi Kumi na Tano kwa Harusi ya Rebeka

Jumatatu, 10 Julai 1995

Nimetukanwa. Uani kwangu mwenyewe, hapa Utemini, Singida, mbele ya mke wangu Damari na kuku wake.

Wazazi wenzetu walikuja kutoka Kinampanda kupanga safari ya harusi. Mwalimu Peniel anamwoa Rebeka, binti yetu pekee, Jumamosi ya wiki ijayo. Kijana hana neno. Tatizo ni baba yake mkubwa, Mzee Hezekia, mwenye Pijo nyeupe. Aliizunguka Corolla yangu taratibu kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akagusa tairi kwa ncha ya kiatu. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba vigurudumu hivi vinafaa mjini, lakini njia ya Kinampanda ina mawe. Bibi harusi apande Pijo. Corolla ibebe masufuria.

Masufuria!

Nilicheka ili nisilie. Siku ya kwanza ya shule nilimpeleka Rebeka mimi, juu ya baiskeli. Leo aondoke nyumbani kwangu ndani ya gari la mtu mwingine? Nikajibu kwamba Corolla iko mbioni kubadilishwa rimu. Haikuwa mbioni. Sasa iko.

Jumatano, 12 Julai

Kwa fundi Sixbert. Amesema rimu za kiwandani ni inchi kumi na tatu. Kumi na nne zitakaa nikipata tairi jembamba. Kumi na tano zitagusa bodi. Nikauliza Pijo ya Mzee Hezekia ina ngapi. Kumi na nne, akasema.

Basi ni kumi na tano.

Sixbert alitaka kujua nimefikaje hapo. Fundi mzuri, ila haoni mbali. Miaka ile ya foleni, tairi moja lilihitaji kibali, na ukilipata huulizi ukubwa, unashukuru. Leo biashara ni huria! Maduka ya Arusha yamejaa! Mimi Melkiori, muuza mitumba, nachagua! Nikichagua ndogo, uhuru wenyewe una faida gani?

Nimeagiza kupitia utingo wa basi la Arusha. Damari akauliza kama nimepima kwanza. Nimemwambia macho yangu ni futi kamba.

Jumamosi, 15 Julai

Zimefika! Rimu za spoti, zinang'aa kama vijiko vya mgeni. Nimeuona uso wangu ndani ya kila moja. Nanona.

Jioni: kasoro ndogo. Corolla ina bolti nne. Rimu zina matundu matano. Nilimweleza Sixbert kwamba tundu moja la ziada ni akiba. Aliweka spana chini, akaenda nyuma ya gereji, akakaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Mzee Melkiori, hata ukiziombea hazitaingia."

Sijakata tamaa. Stendi yupo mama mmoja, Theodora, anayeuza spea zilizotumika. Anabadilishana.

Jumatatu, 17 Julai

Theodora alikuwa na seti mbili za matundu manne: kumi na nne na kumi na tano. Akanishauri nichukue kumi na nne. Nimegundua watu wote wa Singida wana ugonjwa huo huo wa kuogopa. Nimechukua kumi na tano, na matairi yake mapana. Nimemwongezea bando la mashati ya mtumba.

Zimeingia! Corolla imesimama kama jogoo aliyesikia jogoo mwenzake. Majirani wametoka nje. Mmoja ameuliza kama ni gari jipya. Nikatikisa kichwa kwa namna isiyo ndiyo wala hapana.

Nilipokata kona kuingia nyumbani: krrrr! Usukani ukifika mwisho, tairi linakwaruza fenda. Nimelitafakari jambo hili. Ufumbuzi: kutokata kona sana. Njia ya Kinampanda, kwa sehemu kubwa, imenyooka.

Alhamisi, 20 Julai

Jaribio la uzito. Niliomba Damari na dada zake wawili wakae kiti cha nyuma. Tulifika kwenye tuta la kwanza. Krrrr, na harufu ya mpira unaoungua. Matairi ya nyuma yanakula bodi. Nikamwomba Damari, kwa nia ya kitaalamu tu, aniambie ana kilo ngapi.

Chakula cha jioni: ugali. Mboga walikula wengine.

Baadaye Rebeka alikuja kukaa nami kibarazani. Akaniambia, taratibu, kwamba yeye hajali rimu. "Baba, mimi nataka wewe tu ndiye unipeleke. Hata kwa baiskeli." Ilibidi nijifanye nimeingiwa na vumbi machoni. Mtoto mwema sana. Maneno yake yamenipa nguvu. Yaani amekubali kumi na tano.

Mpango mpya: katika gari tuwe wawili tu, mimi na bibi harusi. Damari na msimamizi wapande Pijo. Damari alikubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 22 Julai

Ngoja niandike polepole. Mikono bado ina grisi.

Tuliondoka asubuhi. Corolla mbele, maua kwenye boneti. Pijo nyuma, nyuma kabisa, kwenye vumbi langu! Rebeka alikaa nyuma na shela lake limejaa kiti kizima. Kwa kuwa tulikuwa wawili tu, tuliongea. Akaniuliza kama niliogopa siku namwoa mama yake. Nikasema hapana. Akaniangalia kwenye kioo. Nikasema ndiyo, niliogopa sana, hata viatu nilivaa vya kaka yangu bila kujua. Alicheka mpaka akashika shela. Naye akasema anaogopa. Nikamwambia Peniel ni mtu anayesikiliza, na mtu anayesikiliza unaweza kuzeeka naye. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Kama mama yake na msimamizi wangekuwemo, nisingeyasema.

Tulikaribia Kinampanda. Mshuko. Kona. Nikakata usukani, krrrr, tairi likagoma kugeuka, nikaenda moja kwa moja juu ya jiwe. Pu! Gurudumu la nyuma kushoto: tairi limepasuka, rimu imekunjika kama kifuniko cha soda.

Nilisimama pembeni. Nikafungua buti. Spea: inchi kumi na tatu.

Pijo ikasimama nyuma yetu. Nilisubiri maneno ya Mzee Hezekia. Nilistahili. Akashuka, akavua koti, akamkabidhi Damari, akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake ya sherehe, akashika jeki. Akauliza kama ningependa Rebeka ahamie kwenye Pijo. Kabla sijajibu, Rebeka akatoa kichwa dirishani: "Shikamoo, baba mkubwa. Asante, ila naenda na baba."

Hezekia akaitikia marahaba. Akakaza nati kwa nguvu zaidi.

Tukaingia Kinampanda gari limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbeya. Nilitaka kufa. Kanisani watu wamejaa nje. Nikasimama. Upande ulioinama ndio uliokuwa wa Rebeka. Mlango ukafunguka, naye akateremka bila kuinua gauni, mguu ukagusa ardhi kama mtu anayeshuka kitandani. Bibi mmoja mzee akapiga kigelegele. Akasema kwa sauti kwamba kazi ya kizungu hii, gari limepiga goti limshushe bibi harusi! Vigelegele kila upande. Wakataka liiname tena. Nikawaambia halifanyi hivyo mara mbili kwa siku.

Nilimshika mkono binti yangu mpaka mbele. Damari alinipa leso yake. Kumbe nimesamehewa.

Jumanne, 25 Julai

Kwa Sixbert, kurudisha zile kumi na tatu. Ameondoa rimu zote. Akasema, "Natumaini umeona mwenyewe, mzee, tatizo lilikuwa ukubwa." Nikamwambia nimeona. Tatizo lilikuwa ukubwa. Kumi na tano haiko huku wala huko.

Wakati huo nani akaingia gereji? Mzee Hezekia! Amekuja mjini kwa shughuli zake. Tukasalimiana kama ndugu. Akanong'ona: huko Kinampanda watu hawaongei kitu kingine ila gari lililopiga goti, na mpwa wake anaolewa Septemba. Je, Pijo inaweza kufanya vile? Nikamweleza kwamba jambo hili linahitaji mtu mwenye uzoefu. Kwa bahati nzuri yupo.

Tumekubaliana. Yeye kumi na sita. Mimi, kwa kuwa siwezi kuwa chini ya mzazi mwenzangu, kumi na saba. Nimemzuia Sixbert asifunge chochote, na Pijo nayo imevuliwa magurudumu ili tupime vizuri. Safari hii tunapima!

Keshokutwa tunakwenda Arusha kuchagua. Tunakwenda kwa basi, kwa sababu magari yote mawili yako juu ya mawe.