Sala Niliyoomba Ukweni Ipagala

Ndugu zangu wa darasa letu la ualimu, leo nimeaibika ukweni. Tena si kidogo. Nimekuja moja kwa moja hapa Makole, kwenye duka la intaneti, niwaandikie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine. (Nabonyeza kwa kidole kimoja. Herufi ikikosekana mnisamehe.)

Marehemu dada yangu aliacha kijana, Yohana. Kampenda binti mmoja wa Ipagala anayeitwa Neema. Baba yake Neema, Mzee Petro, ni mtu mkali. Mshenga wa kwanza kwenda kumposa Neema, kwa niaba ya kijana mwingine, alifika ananuka pombe. Akaishia mlangoni. Tangu siku hiyo mzee ametangaza kwamba anayetaka kuposa kwake aje na mtu wa sala.

Yohana akanifuata. "Mjomba, wakinikataa kwa Neema, mimi ndiyo basi tena. Wewe nenda ukaombe tu."

Mimi ni mzee wa kanisa tangu nywele zikiwa nyeusi. Kuomba ndiyo kazi ninayoiweza. Nikamwambia aondoe hofu. (Hapo wekeni alama. Hapo ndipo kiburi kilipoingia.)

Basi leo baada ya ibada tukafika, mimi na mdogo wangu Lazaro, barua ya posa imefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Tukapokelewa na shangazi yake Neema, Mwalimu Eliza, anayefundisha sekondari.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka Petro yumo chumbani, anawasubiri wajomba wanaotoka Msalato. Wakifika tutaanza. Ngoja niwawashie televisheni msichoke kukaa."

Akaondoa kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu yake, akaiwasha. Mnajua mimi kwangu sina chombo hicho. Nimekiona mara mbili tatu dukani, nikipita. Mezani kulikuwa na karanga na zabibu, lakini mgeni wa posa hali kitu kabla neno lake halijajibiwa. Basi mikono ikakosa kazi. Macho yakapata.

Ndugu zangu, nifanyeje kuwaeleza nilichokiona?

Niliona daraja la upinde wa mvua, na farasi wakipita juu yake! Niliona mzee mwenye jicho moja ameketi kwenye kiti cha enzi, na kunguru wawili mabegani. Niliona wanawake wenye mikuki wakishuka kutoka mawinguni kuchagua mashujaa waliokufa vitani. Kwetu upinde wa mvua ni agano. Kwao ni barabara. Nikahisi nywele za mikono zinasimama.

"Mwanangu," nikamwuliza Mwalimu Eliza kwa sauti ya chini, "hawa ni watu wa wapi?"

"Ni mchezo tu, baba, ila wameutoa kwenye hadithi za kale za kaskazini ya Ulaya, kwenye nchi za barafu. Huyo mzee ndiye alikuwa mungu wao mkuu. Jicho moja alilitoa mwenyewe apewe hekima."

"Alilitoa mwenyewe?"

"Alilitoa. Na huko ndiko walikotoka baadhi ya wamisionari."

Nikawakumbuka wale wazee wa kizungu walionifundisha kusoma, jinsi walivyotuambia tuziache hadithi za babu zetu. Kumbe na wao walikuwa na babu zao, na babu zao walikuwa na mambo makubwa namna hii! Hawakutuambia hata siku moja. Sikukasirika. Nilishukuru. Niliona jinsi Mungu alivyo mvumilivu, anayangoja mataifa yote, kila moja na hadithi zake.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na mwanamke mpiganaji aliyepatwa na laana ya pete ya dhahabu. Akalazwa juu ya jiwe, kwa usingizi wa kutoamka, na moto ukamzunguka pande zote. Atakayeupita moto ule ni yule tu anayempenda kwa moyo wote. Wanaume wenye mapanga walijaribu, wakarudi mbio. Kisha akaja msichana mwembamba, rafiki yake wa safari. Akasimama mbele ya ndimi za moto. Akamtazama aliyelala.

Mtazamo ule! Marehemu mke wangu alinitazama hivyo mwaka nilipougua nikakata tamaa.

"Huyu ni nani wake?" nikauliza.

"Wanasema ni rafiki yake."

"Rafiki tu?"

Mwalimu Eliza akakohoa. "Baba, tuangalie picha."

Msichana akavua viatu. Akapiga hatua ya kwanza kuelekea motoni. Akainua mguu wa pili...

Umeme ukakatika.

"Aaah!" Hiyo sauti ilikuwa yangu. Lazaro akanitazama kama mtu asiyenijua.

Na papo hapo wajomba wa Msalato wakabisha hodi. Mzee Petro akatoka chumbani na koti lake, akasalimia, akaketi. Kina mama wakajaa nyuma ya pazia la jikoni. Mzee akasema, "Tumesikia habari zako, mzee mwenzangu, kwamba u mtu wa sala. Tuanze na Mungu. Tuombee."

Tukasimama wote. Nikafumba macho. Na ndani ya giza la macho yangu, msichana yule bado alikuwa ameinua mguu.

Nilianza vizuri. Nilishukuru kwa nyumba hii, kwa Neema, kwa wazazi wake. Kisha nikafika mahali pa kuwakumbuka wenye shida, na mdomo ukafuata moyo.

"Tunamleta mbele zako, Ee Bwana, mwanamke yule aliyelala asiyeamka, moto umemzunguka pande zote. Wanaume wameshindwa kumfikia. Mtie nguvu mwenzake, anayempenda kupita kawaida. Usimwache aungue. Mwondolee laana ya ile pete. Amina."

"Amina!" wakaitikia wote kwa nguvu. Nyuma ya pazia mama mmoja alikuwa analia.

Nikafumbua macho. Mwalimu Eliza alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Ndipo nikajua nilichokifanya.

Mzee Petro hakuketi. Uso umemjaa huruma, na nyuma ya huruma kuna wasiwasi. "Poleni sana. Huyo mgonjwa ni wa ukoo wenu?"

Mnajua maana ya swali hilo kwenye posa. Ukoo wenye laana, tena wenye mtu asiyeamka, nani ataupa binti? Nikafungua mdomo. Lazaro akaniwahi.

"Ni shangazi yetu, mzee. Wa mbali. Aliungua kidogo."

(Lazaro! Mdogo wangu wa tumbo moja!)

"Aliungua kidogo, na haamki?" akauliza mjomba mmoja.

"Anaamka mara mojamoja," akasema Lazaro.

Mzee Petro akavaa kofia. "Basi posa ingoje. Hatuwezi kula zabibu huku mgonjwa yuko katika hali hiyo. Twendeni wote sasa hivi tukamjulie hali. Kina mama, andaeni uji. Amelazwa wapi?"

Wajomba wakasimama. Jikoni sufuria zikaanza kugongana. Lazaro akanitazama. Alikuwa ameishiwa uongo.

Nikaona ndoa ya Yohana inaponyoka. Nikisema kweli, mimi ni mzee mpumbavu. Nikinyamaza, tutapanda gari na uji wa moto kwenda kumtafuta shangazi asiyekuwepo. Nikachagua upumbavu.

"Mzee mwenzangu, mgonjwa hayuko hospitali."

"Yuko wapi?"

Nikainua kidole. "Yumo mle."

Wote wakageuka. Wakaitazama televisheni iliyozimika.

Kisha Mwalimu Eliza akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Pazia likatikisika. Yule mama aliyekuwa analia akasema, "Na machozi yangu je?"

Mzee Petro peke yake hakucheka. Akavua kofia polepole, akanisogelea.

"Mguu wa pili aliushusha, au hakuushusha?"

"Ulikuwa bado hewani, mzee."

"Hata mimi nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango," akasema. "Nami nimeitikia amina nikijua ni nani; haya mengine nilikuwa nawapima."

Akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea barua. Tukatozwa faini ya mbuzi mmoja, kwa uongo wa Lazaro. Kwa sala yangu, akasema, hana faini ya kunitoza. Neema akaletwa, akaulizwa kama anatufahamu, akaitikia huku anauma midomo asicheke. Yohana ameposa. Zabibu tumekula.

Nilichojifunza: anayeitwa kuomba mbele za watu ahakikishe kwanza kwamba anayemwombea yupo. Chekeni, lakini polepole. Maana nisiwafiche, njiani kuja hapa nimemwombea tena.