Brayson Apandisha Ufuta Mawinguni

Itangazwe kuanzia Kilosa hadi Mikumi, na abiria wa Dumila wateremke wasikie: Brayson ameupandisha ufuta wa Zombo mawinguni!

Si magunia, jamani. Ni taarifa za wakulima: nani kalima wapi, kavuna nini. Zinakaa kwenye kompyuta za mbali huko, naye anaziita kwa kuandika amri kwenye kioo cheusi, kipanya hagusi, kama jemadari na majeshi yake. Kozi yenyewe ya kompyuta aliiachia njiani Morogoro. Cheo hakukiacha. "Niiteni Injinia."

Kilichomvuta Zombo hasa ni Lightness, mwalimu wa sekondari. Barua ya posa ilishafika, ila baba mtu, Mzee Ngolo, mwenyekiti wa chama cha wakulima, aliikalia. "Binti yangu haolewi kwa maneno. Nione kazi kwanza."

Basi siku ya mkutano wanachama wakajaa ofisini, projekta ya kanisa ikamwaga kioo cheusi ukutani.

"Shikamooni wazee. Sasa mtaona."

Akaandika jina lake, likatokea. Mashine ikadai nywila, akaigonga kama anatwanga kisamvu. Ukutani, patupu. Nywila kwenye mitambo hiyo haionekani ikiandikwa.

"Mbona huandiki?" akauliza Mzee Ngolo.

"Naandika, baba. Inafichwa kwa usalama."

"Hata mganga wa Mvumi alisema dawa yake haionekani," akachomekea mama Sikuzani kutoka nyuma. "Kilichoonekana ni mbuzi wangu akienda naye."

Ofisi nzima ikacheka. Jasho likamtoka Injinia, vidole vikateleza, mashine ikamkataa na kumrudisha mwanzo, pale pa kuandika jina. Kwa hasira hakusoma. Akagonga nywila ileile, herufi kwa herufi, akabamiza Enta.

Safari hii ikaonekana! Ukuta mzima, herufi nene kuliko bango la mnada. Aliitunga jioni ile alipokaribishwa chai kavu ukweni.

Mzee Ngolo akaisoma taratibu, kwa sauti. "Ngo-lo-ba-hi-li."

Chini yake ukachomoza mstari wa Kiingereza.

"Inasemaje hapo?" akamuuliza bintiye aliyeketi kando.

Lightness alimtazama mchumba kama karatasi ya mtihani iliyojaa wino mwekundu. "Inasema haimjui mtu wa jina hilo, baba."

Mzee akachomoa barua ya posa mfukoni, akailaza juu ya kibodi.

"Iambie mimi namjua."