Pikipiki ya Venuste na Madaktari Wake

Siku ile redio ilitangaza kwamba dunia inazidi kupata joto, na Emery akaifikisha habari hiyo kwenye benchi la chai la Mama Godeberthe kabla hata hajaagiza chai. Ndiyo maana pale Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi, walimwita Redio. Habari ikimwingia asubuhi, hailali tumboni mwake.

“Banasema barafu ya kule juu ya milima inayeyuka,” alisema. “Dunia yote inachemuka.”

“Ichemuke tu,” akajibu Modeste, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe. “Shiye wakimbizi tulishaiva zamani.”

Modeste walimwita Dokta, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akitibu hata kuku. Jina lilimpata kwa sababu kila jambo lililoletwa mbele yake, iwe saa iliyosimama au ndoa iliyovunjika, yeye husema kwanza, “Niachie niangalie.” Pembeni yake alikaa Rutayisire, Mganda wa kijiji cha jirani, aliyewahi kulinda geti la ghala moja mjini Mbarara. Geti aliliacha miaka mingi nyuma, lakini sauti ya getini hakuiacha, ndiyo maana akaitwa Afande.

Wakati Redio anatafuta mtu wa kumlaumu kwa joto la dunia, Venuste akafika na boda yake. Harufu ilitangulia, kisha moshi, kisha yeye. Injini ikakohoa mara moja na kuzimika mbele ya benchi.

“Redio, habari yako ndiyo hii imefika,” alisema Dokta.

Venuste alishuka. Hakuwa na moyo wa utani. Jana yake injini ilimuunguza Bénédicte, mke wa katekista, mguuni, na Bénédicte alikuwa ameshamweleza kila aliyeuliza na asiyeuliza. Mwenyekiti wa steji, kituo chao cha boda, naye alimwambia wazi: pikipiki ikikufia tena ukiwa na mteja, utafute steji nyingine. Na mchana huohuo Mama Mariette alikuwa anamsubiri ampeleke Kakiika, Mbarara, ambako binti yake angefunga ndoa kesho kwenye misa ya asubuhi.

Mama Godeberthe alitoka na birika, akaitazama pikipiki. Venuste alikuwa ameizungushia injini kipande cha bati kila upande, na juu ya bati akafunga gunia kwa waya.

“Mwanangu, hii mbona imevaa sweta?”

“Nimeikinga, mama. Isiunguze watu.”

“Mgonjwa ana homa, wewe unamfunika blanketi.”

“Blanketi ni dawa,” Dokta akadakia. “Homa inatoka na jasho.”

“Sasa jasho la pikipiki linatokea wapi, Dokta?”

“Niachie niangalie.”

Redio alikuwa ameshainama chini ya benchi, akainuka na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya injini. Huyo alikuwa anauza mafuta, kwa hiyo kila ugonjwa wa pikipiki kwake ulikuwa ugonjwa wa mafuta. “Yako imezeeka, ndugu. Niko nayo hapa ya mupya.”

“Hiyo mpya yako,” aliuliza Afande, “imetoka kustaafu kwa lori gani?”

Venuste alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Mafuta yalikuwa safi na yamefika kwenye alama. Redio aliyatazama kwa huzuni, kama mganga aliyemkuta mgonjwa wake anakula ugali.

“Basi mimi nitasema,” alisema Afande. “Shida ni wewe kupakia mingi. Juzi nimeona wewe na watu watatu na mbuzi.”

“Mbuzi alikuwa mdogo.”

“Ssebo, bwana wangu, mbuzi alikuwa mbele, yeye ndiye alishika usukani.”

Benchi zima likacheka, na Venuste akacheka kidogo kwa kulazimishwa. Alipogeuka alimkuta Dokta ameshanyanyua beseni la kuoshea vikombe, analielekeza kwenye injini. Akaruka katikati.

“Weka chini, Dokta. Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka.”

“Nani alikufundisha?”

“Chungu cha mama yangu.”

Wakakubaliana kungoja ipoe. Ilipopoa, Venuste aliiwasha ikiwa imesimama palepale, wakakaa wakiisikiliza huku wanakunywa. Ilinguruma vizuri tu. Vikombe vikaisha, vikajazwa tena, na joto likabaki la kawaida.

“Ajabu,” alisema Afande. “Ikisimama iko poa. Ikitembea inachemka.”

“Kama Dokta na kazi,” alisema Redio.

Hapo ndipo Mama Mariette alipotokea, amevaa kitenge kipya, kichwani ana furushi la vyombo vya harusi. Alitazama pikipiki, akatazama vikombe, akaelewa.

“Venuste, tunaenda ao hatuendi?”

“Mama, nipe muda kidogo.”

“Kama imekufa uniambie, nitafute mwingine. Mutoto wangu hawezi kuolewa mama yake akiwa bado anahesabiwa kati ya watu bako njiani.”

Venuste akaizima injini na kuwaomba wenzake wamsaidie kuisukuma hadi kwa fundi, upande wa pili wa soko. Walisimama kwa kelele nyingi, kila mtu akashika mahali pake. Pikipiki ikasogea kidogo, ikagoma.

“Redio, unasukuma au unasindikiza?” aliuliza Dokta.

“Niko nasukuma. Wewe ndiye umeegemea.”

“Nyinyi watu ni wavivu sana,” alihema Afande. “Mimi peke yangu ndiye nasukuma hii kitu.”

“Mkono wako mmoja uko mfukoni, Afande.”

“Huo ni wa akiba.”

Wakagombana hivyo mpaka mbele ya duka la unga, ambapo njia inateremka. Venuste akasema wote waachie. Wakaachia. Pikipiki, ikiwa imetolewa gia, kwenye mteremko, ikasimama vilevile kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani.

Venuste aliitazama. Hakuna aliyekuwa mvivu. Kuna kitu kilikuwa kinaishika. Akachuchumaa nyuma na kutema mate kwenye kitovu cha gurudumu kupima kama kina moto. Walikuwa wametembea hatua chache tu baada ya pikipiki kukaa imesimama muda wote ule, kwa hiyo chuma kilikuwa vuguvugu, lakini vumbi jeusi la breki lilikuwa limejaa na harufu ya kuungua ilikuwa pale, mbichi. Akainua gurudumu kwenye stendi na kulizungusha kwa mkono. Halikuzunguka.

“Breki,” alisema. “Inashika muda wote. Injini inanguruma kwenda mbele, breki inairudisha nyuma. Lazima ichemke. Halafu mimi nikaja kuifungia upepo kwa bati.”

“Ofisi nyingi ziko hivyo,” alisema Afande. “Mguu moja kwa mafuta, mguu ingine kwa breki, halafu wanaunda kamati kuuliza nini inanuka.”

“Lakini nani aliikaza hivi?” aliuliza Redio.

Dokta alianza kuvikagua viatu vyake. Venuste akakumbuka. Wiki iliyopita, hapohapo kwenye benchi, Dokta alikanyaga breki, akatingisha kichwa, akaazima spana na kusema, “Niachie niangalie.”

“Nilikaza kidogo tu,” alisema Dokta.

“Uliikaza kama unafunga jeneza.”

Venuste alilegeza nati polepole, akizungusha gurudumu kila mara, mpaka likazunguka lenyewe bila kukwaruza. Akakanyaga breki kuhakikisha bado inashika. Akang'oa gunia na bati, akakwangua kwa kijiti tope lililokauka kwenye mbavu za injini, pale upepo unapopita. Mama Mariette, aliyewafuata toka kwenye benchi, alisimama kando yake muda wote huo, mikono kiunoni. Alipomaliza, mama alipanda bila kuulizwa, akavuta mguu wake mbali na chuma.

Barabarani Venuste hakusema neno. Walipoanza kupanda kile kilima ambacho injini ilimfia mara ya mwisho, alikaza mabega akingoja ikohoe.

“Mbona umenyamaza?” aliuliza Mama Mariette.

“Nasikiliza moteri.”

“Inasema nini?”

“Leo haisemi kitu.”

Wakavuka kilima. Wakaingia Mbarara jua likiwa bado lipo, wakapita Nyamityobora katikati ya watu wanaorudi kutoka sokoni, na walipofika Kakiika bibi harusi alitoka mbio nje, nusu ya kichwa imesukwa na nusu haijasukwa, akamkumbatia mama yake pamoja na masufuria. Venuste alilala kwa jamaa zake mjini, akaenda misa, akala pilau, na mtu wa kwanza aliyempungia mkono kwaheri alikuwa mama wa bibi harusi.

Aliporudi Base Camp alikuta benchi limejaa waendesha boda ambao kwa kawaida hawanywi chai pale. Katikati yao alikaa Dokta, akieleza kwa mikono miwili.

“Bantu banasumbuka na mafuta, banasumbuka na maji. Ile moteri ya Venuste, miye ndiye niliiponyesha.”

Venuste akasimama mbele yake. “Dokta, si wewe uliyekaza ile breki?”

“Ni miye.”

“Na mimi ndiye niliyelegeza?”

“Ni weye.”

“Sasa umeponya nini?”

Dokta alimtazama kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. “Venuste, fikiri vizuri. Kama miye singekaza, weye ungelegeza nini?”

Kisha Dokta akageukia pikipiki iliyokuwa karibu zaidi, akainama, akaigonga tangi kwa kidole na kuomba mtu amwazime spana. Waendesha boda wakainuka wote kwa pamoja. Wengine hawakumaliza chai yao. Kila mmoja aliifikia ya kwake, akaiwasha, akaondoka.