Daktari, Ni kwa Ajili ya Wifi Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Joto limenivamia tena kwenye meza ya kukatia. Uso, shingo, mgongo, kote majimaji. Kufumba na kufumbua nimekata suruali arobaini za sare, miguu yote ya kushoto! Msimamizi kasema kosa jingine kama hilo, nahamia kwenye vifungo. Mimi! Miaka ishirini na mbili na mkasi wangu! Wifi yangu, dada wa mume wangu, anapiga pasi pale dirishani. Kauliza kama naumwa. Nikasema ni pilipili ya mchana. Akauliza pilipili gani hiyo ya miezi sita. Yeye naye jasho linamtoka, ila lake ni la pasi. Ana mdomo yule!

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa daktari wa kina mama. Si kama mgonjwa, nina akili zangu. Nimesema nimetumwa na wifi: miaka hamsini na nne, hedhi ilikoma zamani, anawaka moto, hapati usingizi, ana haya. Daktari kaeleza vizuri. Kuna vidonge vya homoni. Kuna bandiko la chini ya kiuno, la kubadilisha mara mbili kwa wiki. Kuna jeli ya kupaka kila siku. Mwenye kizazi huongezewa homoni ya pili ya kukilinda. Nikachora yote kwenye karatasi ya patani, ile ya kuchorea vipimo vya nguo. Akauliza presha ya wifi. Nikasema iko juu kidogo. Akauliza nimejuaje. Nikashikwa na kikohozi. Kasema hatibu mtu kwa kutumiana salamu, aje mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechagua vidonge. Bandiko linaweza kuonekana nikibadili nguo kazini, kidonge kikishamezwa nani atakiona? Mfamasia kakataa, anataka cheti cha daktari. Nikamwambia ni vya wifi. Jasho langu lilikuwa linadondoka kwenye kaunta yake. Akanipa kitambaa. Kisirani!

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi kwa daktari na presha ya wifi niliyoibuni mwenyewe, nzuri kabisa. Mlango uko wazi kidogo. Nasikia sauti ya wifi! Anaeleza kuwa katumwa na wifi yake, fundi wa kukata, maskini, anawaka moto, ana haya. Nikaingia bila hodi. Daktari akauliza mgonjwa ni nani kati yetu. Tukanyoosheana vidole.

Kumbe wifi naye anawaka tangu mwaka jana! Ndiyo maana kang'ang'ania lile dirisha. Hatua nne kati yetu, kila mtu na jasho lake na uongo wake. Tukacheka mpaka tukalia. Kweli tulilia, nilikuwa nimechoka sana.

Tukapimwa wote. Mimi bandiko, kwa sababu ya presha: kasema homoni ikipitia kwenye ngozi, hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko kwa vidonge. Wifi jeli, maana gundi humwasha. Na ile homoni ya pili, wote wawili.

Jumatano, 2 Aprili
Nalala! Kila suruali ina mguu wa kulia na wa kushoto. Msimamizi kanyamaza, na kwake hiyo ni sifa. Meza yangu imesogezwa dirishani kwa wifi. Tumeapa hatufichani tena kitu.

Magoti yanalia nikipanda ngazi. Wifi asijue, atanicheka mwaka mzima. Kesho naenda kwa daktari. Nitasema ni magoti ya mama mkwe.