Daftari la Babu na Umri wa Marko

Jumatatu, 6 Machi 1995
Mvua. Sina cha kusoma. Tangu chuo kifungwe Lubumbashi nimekwama hapa Kikula, mtaa wa Likasi. Jana nilisoma karatasi ya dawa ya kikohozi, mara mbili. Vitabu vyote vimo katika kabati la parokia. Abbé Octave, padre wetu, anahamishwa, na Jumapili ataacha ufunguo kwa mshindi wa mjadala: nani aliandika Injili ya Marko, na lini? Mimi dhidi ya Athanase, kiongozi wa kwaya. Athanase anataka kabati la kuwekea sare. Vitabu, anasema, vitamfaa Mama Simone kufungia mikate yake ya kukaanga.
Ufunguo ule ni wangu!

Jumatano, 8 Machi
Athanase anatangaza sokoni kwamba Marko aliandika wiki ileile ya Ufufuko. Wiki ileile! Chuoni tulifundishwa vingine: kitabu chenyewe hakina jina la mwandishi, na kinazungumzia kuanguka kwa Hekalu kama mtu aliyekwisha kunusa moshi wake. Basi ni karibu mwaka wa sabini baada ya Kristo. Maandishi hujifichua yenyewe.
Lakini Kikula hawaulizi una ushahidi gani. Wanauliza nani alikuambia. Nahitaji mzee. Afadhali aliyekufa, asije akanikana. Babu Adolphe! Katekista, alipendwa na wote, na daftari lake lina kurasa tatu tupu.

Jumamosi, 11 Machi
Nimeandika kwa mwandiko wa Babu: somo la Père mmoja, padre wa misheni, kuhusu Marko, mwaka 1958. Nimelowesha kurasa katika chai ili zizeeke. Jua hakuna, nikazikausha juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Moja imeungua. Mama akauliza napika nini, nikasema theolojia. Akasema mimi na jina hili la nchi, Zaïre, tulizaliwa mwaka mmoja, 1971, na wote wawili hatujafika popote. Nikageuza ukurasa.

Jumapili, 12 Machi
Aibu.
Nilianza vizuri. Athanase alilia, akaimba, akapigiwa makofi. Nikatoa daftari. Mama Simone akajipangusa macho, akasema huo hasa ndio mkono wa Papa Adolphe. Nilikuwa nimekwisha kuuona ufunguo mfukoni mwangu.
Ndipo Papa Kalenga, aliyekuwa katekista pamoja na Babu, akaomba kuona. Akasoma polepole, kidole kikaishia kwenye mwaka 1958. Akanusa.
"Mutoto, huku juu umeandika Likasi."
Nikasema ndiyo, tuko Likasi.
"Kwa kinywa tulisemaka Likasi. Lakini mu kaye, mu daftari ya Père, mu cinquante-huit, ni Jadotville tu. Jina ilibadirika kisha Indépendance. Adolphe alijuaje mbele?"
Athanase akauliza kama Babu alikuwa nabii. Kanisa zima likacheka. Hata Mama Simone, machozi bado hayajakauka.
Abbé Octave alicheka kuliko wote. Kisha akasema nimethibitisha hoja yangu barabara: maandishi hufichua umri wake. Kwa hiyo mimi, Laure, nimeshinda mjadala. Ufunguo akampa Athanase, kwa sababu kabati la parokia haliachiwi mtu anayewaandikia marehemu.

Jumatano, 15 Machi
Nimenunua mikate kwa Mama Simone. Imefungwa katika ukurasa wa 112 wa historia ya Kanisa. Nimeusoma wote, pamoja na mafuta. Sentensi ya mwisho imekatika katikati. Ukurasa wa 113 alipewa nani? Mama Simone hakumbuki. Sikula.
Siwezi kungoja. Kosa langu lilikuwa moja, nalo ni dogo mno: jina la mji. Papa Kalenga mwenyewe amenisaidia kulirekebisha. Sasa natengeneza wosia: Babu anaukabidhi uzao wake kabati lote, milele. Chai imekolea. Mbabula inawaka. Ukurasa ni wa mwisho, kwa hiyo nimehakikisha kila neno mara tatu.
Juu kabisa, kwa herufi nzuri: Jadotville, Zaïre, 12 Machi 1958.
Nani atanikamata?