Kata Hasi Kwanza

Jumatatu, 8 Februari 1993. Kitaji, Musoma.

Ahsante Mungu. Kuanzia leo mimi Alfonce ni mtu mwenye karavani.

Ni kinyumba cha bati chenye magurudumu mawili, cha kukokotwa na gari. Wazungu wa mradi wa visima walikiacha Bunda mradi ulipokwisha. Kina vitanda vinne, meza ya kukunja na madirisha yenye mapazia. Machage wa Guta alikuwa anafugia kuku ndani. Harufu ipo, itatoka. Juu yake kanipa sanduku ambalo halijafunguliwa tangu kiwandani: inveta. Unaipa umeme wa betri ya gari, yenyewe inakutolea umeme wa nyumbani. Machage hakujua ni kitu gani. Alikuwa anakikalia wakati wa kukamua ng'ombe.

Nimempa maksai wawili.

Humu hasomi mtu, kwa hiyo naandika ukweli. Maksai hao ni Kamanda na Sigara, wa kulimia, wa nyumbani Murangi. Mke wangu Jeska ndiye anayelima nao. Masika yako njiani na shamba halijaguswa. Nimemwambia nawapeleka josho la Bunda, kwamba kuna dawa mpya ya kupe na inatakiwa waogeshwe wiki mbili mfululizo. Akanishukuru kwa kuwajali. Roho iliniuma mpaka nilipofika barabarani.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Televisheni na deki ya video ninavyo, nilivinunua kwa kiinua mgongo walipotupunguza kiwandani. Karavani ikipata umeme nitazunguka vijiji ambavyo nguzo hazijafika, nionyeshe video kwa kiingilio. Machage kakubali kunirudishia maksai nikileta fedha kabla mvua haijaanza. Shamba litalimwa. Jeska hatajua kitu. Kila mtu atafurahi, hata kuku, maana sasa wamehamia stoo ya Machage, banda kubwa zaidi.

Jumanne, 9 Februari

Leodgar amekuja kukagua. Huyu ni jirani yangu wa mbele, mwenye kibanda cha video na jenereta linalotunyima usingizi Kitaji nzima. Kaizunguka karavani mara mbili. Kauliza kama kuku walihama kwa hiari. Kasema inveta bila betri nzuri ni mahali pa kuwekea soksi.

Betri ninayo. Ni ya lori, imezeeka kidogo. Nimeipandisha juu ya paa la karavani kuianika, kama tunavyoanika za redio zikichoka. Kila saa napanda kuigeuza upande wa pili. Leodgar kauliza kutoka kibarazani kwake kama nimeshaitia chumvi.

Jioni nimeijaribu kwa taa ndogo. Imewaka rangi ya uji wa ulezi. Jana haikuwaka kabisa. Nashukuru kwa hatua hiyo.

Gari la kukokotea sina, kwa hiyo ilibidi niende kwa Leodgar huyohuyo kuomba pikapu yake kwa Jumamosi, onyesho la kwanza, Murangi. Kakubali, kwa sharti kwamba nitamtambulisha kwa watazamaji kama mkurugenzi.

Jumatano, 10 Februari

Kitabu cha inveta kimeandikwa kwa lugha ambayo herufi zake zimevaa kofia. Nimekipeleka kwa Mwalimu Nathanieli, anayefundisha fizikia sekondari. Kaangalia picha tu, akasema kazi ni ya dakika kumi. Kaniandikia maelekezo kwa Kiswahili safi, kwa mwandiko wa ubaoni:

Kata hasi kwanza.
Unga chanya.
Rudisha hasi, kisha washa.

Hakutaka hata soda. Kapanda gari kwenda Butiama kwenye semina. Jumamosi atapitia Murangi aone mwenyewe. Mungu awabariki walimu. Nchi hii ingekuwa gizani bila wao.

Alhamisi, 11 Februari

Nimekesha na neno moja.

Mimi nilisoma middle school, Mwingereza bado yupo. Umeme wetu ulikuwa na pozitivu na negativu, basi. Haya maneno mapya yametukuta tumeshaoa. Lakini hasi nalijua kuliko mwalimu yeyote, maana nimezaliwa zizini. Kuhasi ni kumfanya fahali awe maksai. Na nilipofikiri vizuri nikaona maana yake. Mashine mpya kutoka ng'ambo ina hasira. Huwezi kuifunga nira hivihivi. Kamanda naye alikuwa anavunja mazizi ya watu mpaka tulipomtuliza.

Nikaipindua inveta. Chini ya tumbo, kwenye waya, vinaning'inia vitu viwili vya mviringo, sambamba. Mtu wa Mara hahitaji kuelezwa zaidi.

Nimekwenda kwa bwana mifugo kuazima koleo la kuhasia. Kauliza mnyama ana umri gani. Nikamwambia ni mpya. Kauliza nani atamshika miguu. Nikamwambia hana miguu. Koleo katoa hata hivyo. Mtu mwema sana.

Kazi imeisha haraka. Hakuna damu. Nimepaka majivu kwa mazoea. Chanya nimeamua ni kuchana waya mpaka shaba ionekane, nikachana, nikaunga kwenye betri. Rudisha hasi iko wazi: rudisha kilichohasiwa mahali pake. Nimeirudisha chini ya kitanda cha kushoto, nikaifunga kwa skrubu nne. Nikawasha.

Kimya.

Sikushtuka. Mnyama akitoka kuhasiwa hutulia siku mbili tatu.

Ijumaa, 12 Februari

Bado imetulia.

Konda wa basi kaniletea barua ya kwaya ya Murangi. Mwezi wa kumi walikuja kushindana hapa Musoma, wakarekodiwa video, na kaseti wanayo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiona. Ndiyo maana niliwaandikia kwamba nitaanzia kwao. Wanasema wote watakuja, na Jeska wangu yumo, anaimba sauti ya pili.

Chini wameongeza kwamba Mama Dorotea atakaa mbele kabisa. Mume wake, Rafaeli, alikuwa akiimba besi. Alifariki siku tatu kabla ya Krismasi. Picha yake iliyobaki ni ile ya kitambulisho, nayo imepigwa muhuri usoni. Mama ana miguu inayovimba, hawezi kusafiri hadi mjini. Ameambiwa mumewe yumo kwenye kaseti, na tangu hapo anauliza kila Jumapili itaonyeshwa lini.

Nimesoma barua hiyo mara mbili. Nikaenda kubonyeza swichi tena. Kimya. Nimeogopa, nakiri.

Jumapili, 14 Februari. Murangi.

Naandika ya jana leo, baada ya ibada.

Tumefika saa nane mchana. Leodgar kaikokota karavani taratibu na hakuvunja kitu, nampa haki yake. Watu walishajaa. Tumefunika madirisha kwa kanga ili pawe na giza. Mama Dorotea kaletwa kwa baiskeli, kakalishwa kwenye kitanda cha mbele, kajifunga kitambaa kipya kichwani. Jeska kanisalimia, kaniulizia afya ya maksai. Nikamwambia wanang'aa.

Nikamtambulisha mkurugenzi. Nikatoa hotuba juu ya maendeleo. Nikawasha.

Kimya. Nikatoa hotuba nyingine.

Ndipo akatokea Mwalimu Nathanieli na mkoba wake kutoka Butiama. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu aliyevaa tai. Kainama chini ya kitanda. Kakaa huko. Katoka kauliza ni nani aliyekata fyuzi zote mbili na kwa nini zimepakwa majivu. Nikamwambia nimefuata mstari wa kwanza. Kaniomba niusome. Nikausoma. Kaniomba nieleze nimeelewa nini.

Nikaeleza, kwaya nzima inasikiliza. Walioanza kucheka ni besi, wakafuata soprano. Mwalimu kanieleza kwa upole kwamba hasi ndiyo negativu yangu, na kukata ni kuchomoa tu waya. Ningenyamaza hapo ningekuwa salama. Lakini mtu akichekwa hujitetea. Nikasema hata Kamanda alikuwa mkali, tukamhasi, na mpaka leo Machage anamsifu kwa upole.

Kicheko kimoja kikakatika. Jeska kauliza Machage ni nani. Je, ndiye mwenye josho?

Nikasema yote. Mbele ya watu, kwenye jua. Kaniambia, "Ulikuwaga hivihivi tangu uchumba." Halafu kaingia ndani ya karavani kukaa na Mama Dorotea, kwa sababu alijua mama anamngoja mtu. Afadhali angenipiga.

Mwalimu kaunga fyuzi kwa uzi wa shaba na karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Inveta ikalia kidogo, ikawaka. Betri yangu ikazima hata kaseti haijamezwa. Hapo Leodgar, bila kuombwa na mtu, kageuza pikapu, kaisogeza pua hadi mlangoni, kafungua boneti, kaacha injini inanguruma, kampa mwalimu waya za betri yake.

Picha ikaja. Kwaya yote imesimama kwenye skrini, nyeupe na buluu. Rafaeli yupo mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, tai imepinda. Mama Dorotea hakulia. Kasema alimwambia huyu mzee arekebishe tai kabla ya kupanda basi, na tazama. Kisha kaomba arudishiwe tena sehemu ile.

Tumeirudisha mara sita. Wengine walichungulia madirishani, hakuna aliyedai zamu. Leodgar alikuwa anauona mshale wa mafuta unashuka, nami nilimwona anauona. Hakuzima. Mara ya sita injini ikajizima yenyewe, petroli imekwisha, na Murangi hakuna petroli. Amelala kwa mchungaji.

Nimemshukuru Leodgar kwa mdomo wangu. Machozi yalinitoka, na siyo ya moshi. Naliandika hili mara moja, asije akazoea.

Kiingilio nilisahau kukusanya.

Jumatatu, 15 Februari

Alfajiri nimeamshwa na kengele za ng'ombe. Nilidhani naota.

Shambani kwetu jozi tano zimeshafungwa nira. Kwaya. Ya kwanza ni jozi ya Mama Dorotea, kaituma na mwanawe, na ujumbe kwamba yeye hana cha kulipa zaidi ya hicho. Nimesimama pembeni nimeshika kofia. Hakuna aliyeniambia neno baya. Mmoja tu wa besi kaniuliza kama nimekuja na koleo.

Wamelima huku wanaimba. Jeska kashika jembe la nyuma, mimi nimebeba maji. Kufikia adhuhuri ekari zote mbili zimepinduliwa, nyeusi na laini. Jeska kasimama mbele ya wote, kashukuru Mungu, kashukuru kwaya, kashukuru Mama Dorotea. Kasema na mimi nishukuru, maana nina cha kushukuria zaidi kuliko wote. Nilimkubalia kwa moyo wote. Mtu mpumbavu kupewa watu kama hawa ni neema tupu, na sina neno jingine.

Usiku mvua imenyesha.

Alhamisi, 18 Februari. Guta.

Jeska kanituma huku niirudishe karavani, nirudi na maksai. Leodgar kapata petroli, kaikokota mpaka hapa. Kaniambia wazi, nisikanyage kwake bila miguu minane. Nikaapa. Nimekuja nimeshatubu, na nilikuwa nimetubu kweli.

Machage mtu wa haki. Kakubali palepale kubatilisha. Kamanda kanitambua, kanilamba mkono. Tumebakiza kufungua kamba tu. Ndipo Machage kaniomba nimsaidie kuhamisha vitu stoo, kwa kuwa kuku wanabanwa.

Stoo kuna friji, nayo ya wazungu wale wale. Nyeupe, kubwa, mlango unafunga kwa sauti ya heshima. Nikasimama. Nikafikiri watu wakitazama video husikia kiu. Nikafikiri shamba limeshalimwa, na maksai hawana kazi mpaka vuli. Nikafikiri jinsi Mama Dorotea angefurahi kupewa kitu cha baridi akirudia kaseti yake. Sikujifikiria mimi hata kidogo.

Tumekubaliana kama ndugu. Kamanda na Sigara wanabaki Guta moja kwa moja. Jembe lao nitamletea, maana halina tena wa kulikokota. Mimi nabaki na karavani, juu yake nimepewa friji, na kwa kuwa Machage ana roho nzuri, kaniongezea jiko la gesi.

Nimehesabu mara mbili. Friji ina miguu minne. Jiko lina minne.

Ahsante Mungu. Kesho naenda kwa Jeska na yote minane.